Majirani Wote Isipokuwa Kavutha

Mwaka wa sabini na tisa, mtaani Jericho, aliishi karani mmoja aliyeitwa Matheka, ambaye hakuweza kuomba chumvi mezani bila kuitafutia kina. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala moja la magunia huko Industrial Area, na kwa kuwa magunia hayana mengi ya kusema, kichwa chake kilikuwa huru mchana kutwa. Hapo ndipo mashairi yalipompata. Alitembea na penseli sikioni. Kanisani alipima mizani kwa vidole wakati wa mahubiri, mpaka mchungaji akadhani anamhesabia dakika, akaanza kufupisha. Waumini walimshukuru Matheka bila yeye kujua kwa nini.

Siku moja alituma mashairi matano gazetini. Mhariri alichapa moja tu, tena akakosea jina la mtunzi, akaandika Mateka. Mwezi mzima vijana wa mtaa walimpigia kelele akipita, "Niaje, Mateka! Umeachiliwa lini?" Hilo lilimkaa rohoni. Akaapa kwamba shairi lake jingine litatoka kwenye kitabu chake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na hakuna mhariri atakayeligusa.

Kitabu kilipata jina upesi: *Majirani kwa Vina*. Kila jirani wa safu yao ya nyumba angepata shairi lake. Habari hizo zilipoenea, tabia za watu zilibadilika kwa namna ya ajabu. Watu waliokuwa wakitupa maji machafu njiani sasa walizunguka nayo hadi mtaroni, wakikohoa ili Matheka awaone. Wangeci, jirani wa mkono wa kulia, alianza kuleta chapati. "Si kwa sababu ya kitabu," alisema kila alipozileta. Thuo, fundi cherehani wa mwisho wa safu, alimpeleka Matheka Soko la Burma akamkalisha mbele ya kilo nzima ya mbavu za kuchoma.

"Kula, ndugu yangu," Thuo alisema. "Halafu uandike kile roho itakuambia."

Roho ikamwambia Matheka hivi:

*Thuo fundi suruali, guu fupi, guu refu,*
*Ukimuuliza swali, asema ni ubunifu.*

Ajabu ni kwamba Thuo aliposomewa alifurahi mpaka akapiga meza kofi. Aliomba aongezewe ubeti, na baadaye mwingine, akaishia na beti tatu.

Mke wa Matheka, Kavutha, alikuwa mshonaji wa vikapu vya kiondo na mwanamke wa maneno machache. Alimwachia mumewe mambo yake ya vina kama vile wake wengine wanavyowaachia waume wao mpira. Lakini jioni moja, akiwa anasokota uzi kwenye paja kando ya mlango wao uliolegea bawaba, aliuliza bila kuinua uso, "Baba Mbithi, na mimi nimo?"

"Wewe ndiwe wa mwisho, Mama Mbithi. Ndiwe kilele! Hutasikia hata neno moja mpaka siku ya kuzindua."

Kavutha aliendelea kusokota. Ila wiki hiyo alimwendea Thuo kimya kimya akashonewa gauni la bluu, akasimama hapo hapo na futi ya kupimia kuhakikisha pande zote zinalingana.

Mpiga chapa alikuwa Mzee Andati, mwenye kibanda cha mashine moja kwenye kichochoro nyuma ya Barabara ya Kirinyaga. Alipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa wino kiasi kwamba alipokula ugali alitumia kijiko. Kazi ilikwenda vizuri hadi Alhamisi, siku mbili kabla ya uzinduzi. Matheka alipofika kuona kurasa nane za mwisho, alimkuta mzee ameketi juu ya ndoo, amekunja mikono.

"K zimeisha," Andati alisema.

"Zimeisha vipi? Zimekwenda wapi?"

"Zimo humu." Mzee aligonga karatasi yenye shairi la Kavutha. "Sikiliza, bwana karani. Hizi herufi nilinunua kwa misheni fulani waliokuwa wakichapa nyimbo za Kizungu. Mzungu hana haja kubwa na K. Sisi tukisema tu 'kukaa kwake kwa kaka' tumemaliza droo nusu. Kitabu chako nimekibeba kwa shida tangu ukurasa wa kwanza. Sasa ukurasa huu mmoja umekula K zote, na kurasa saba zinazochapwa nao hazina hata moja. Ulikuwa unatunga au ulikuwa unakohoa?"

Matheka aliona haya kidogo. Ni kweli kwamba kwa mapenzi yake aliamua kila neno la shairi la mkewe, ikiwezekana, lianze kwa herufi ya jina lake.

"Si uchape huo baadaye, peke yake?"

"Karatasi ipite mashineni mara mbili? Hii mashine ina umri kunishinda. Ukiipa karatasi mara ya pili inaitafuna. Ama tungoje herufi mpya kutoka Uingereza, miezi mitatu, ama ukurasa huu utoke."

Uzinduzi ulikuwa umetangazwa kanisani mara mbili na kubandikwa mlangoni pa holi ya mtaa. Matheka aliushika ukurasa wa mkewe, akaushusha, akaushika tena. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Utoe." Ukurasa wa mwisho wa kitabu ukabaki mweupe, na Matheka akarudi nyumbani akiwa na kikohozi ambacho hakikuwepo asubuhi.

Alikusudia kumwambia Kavutha Alhamisi hiyo hiyo. Alikusudia tena Ijumaa. Jumamosi alikusudia njiani wakielekea holini, lakini Kavutha alikuwa anatembea ndani ya gauni la bluu kwa mwendo ambao Matheka hakuwa ameuona tangu siku ya harusi, na ulimi ukakataa.

Holi ilijaa. Kila aliyesomewa shairi lake alisimama, akashangiliwa, akanunua nakala palepale. Wangeci alipewa beti mbili za chapati akatokwa na machozi. Thuo alisimama beti zote tatu, na kwenye "guu fupi, guu refu" aliinua miguu yake yote miwili, kwa zamu, watu waione. Mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, Kavutha alingoja. Kila shairi likiisha aliinyoosha shingo kidogo.

Matheka alisoma la mwisho, akafunga kitabu, akasema, "Basi, ndugu na marafiki, huo ndio mwisho."

Makofi yalipigwa. Makofi yalipotulia, Wangeci aliinuka. "Na Mama Mbithi?"

Holi nzima ikageuka kumtazama Kavutha, halafu ikamgeukia Matheka.

"Shairi lake lilikuwepo," Matheka alisema. "Ila... herufi ziliisha."

"Ziliisha?" Wangeci aliuliza.

"K. K ziliisha."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kituo cha basi. Kavutha pekee ndiye ambaye hakucheka. Alisimama taratibu, akalinyoosha gauni, akasema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Thuo ana beti tatu." Kisha akatoka.

Siku mbili nyumba ile ilikuwa kama posta siku ya sikukuu. Chakula kilipikwa, kikawekwa mezani, na Kavutha akaenda kula kwa Wangeci. Matheka alijieleza mbele ya bakuli la isio, yale mahindi na maharagwe ya kwao, na isio haikumjibu. Aliwaza kuandika shairi la kuomba msamaha, lakini kila neno lililomjia lilianza na K, hata "kosa" lenyewe.

Jumatatu asubuhi, wakati Matheka anafunga kamba za viatu, Kavutha alitokea na mkoba wake mkononi. "Utaomba ruhusa kazini," alisema. "Nipeleke kwa huyo mzee wa herufi."

Walifika kichochoroni kabla Andati hajafungua madirisha. Kavutha hakutaka stuli aliyopewa. Alitaka kuonyeshwa droo ya K, akaonyeshwa. Alitaka kuonyeshwa droo ya A, akaona ilivyo pana kuizidi. Alichukua K moja, akaigeuza kwenye mwanga, akairudisha.

"Mama, mume wako hajadanganya," Andati alisema. "Ni mjinga tu. Lakini furahi, kitabu kimekwisha chapwa na K zote zimerudi. Naweza kuchapa shairi lako kwenye vikaratasi vidogo tukavibandika kwenye ule ukurasa mweupe. Gundi iko. Shairi lenyewe hili hapa."

Matheka alijisikia kama mtu aliyefunguliwa kola ya shati. Alimtazama mkewe akisoma. Midomo ya Kavutha ilitembea polepole:

*Kavutha kuku wa kwetu, kifaranga hakukosa,*
*Kikombe, kiko, kiatu, kila kitu katakasa...*

Alisoma hadi mwisho. Akarudia mstari wa kwanza. Akainua macho.

"Kuku?"

"Ni sifa," Matheka alisema upesi. "Kuku ni... analea."

"Na kiko? Nani katika nyumba yetu anavuta kiko?"

"Kilihitajika."

Kavutha aliikunja ile karatasi mara mbili, mara nne, akaitia ndani ya mkoba na kuufunga. "Baba Mbithi, hili ndilo nililolilia siku mbili? Lingesomwa Jumamosi mbele ya watu, Jumapili ningekuwa Makueni kwa mama yangu." Mabega yake yakaanza kutikisika. Matheka alidhani analia, akanyoosha mkono kumshika, ndipo alipotambua kwamba anacheka. Alicheka mpaka akaikubali ile stuli. Andati naye akacheka, na Matheka, alipoona hakuna hatari, akacheka wa mwisho.

"Mzee, hivyo vikaratasi bado nataka," Kavutha alisema akijifuta macho. "Andika."

"Niandike nini?"

"Nitakuambia. Na sitii K hata moja, asije mtu akaniambia zimeisha."

Alifumba macho. Miaka kumi na minne alikuwa amesikia mizani ikihesabiwa mezani, kitandani na kanisani, na kumbe masikio hayakuwa yamelala. Alitamka, akasita, akabadilisha neno, akatamka tena, huku Andati akichomoa herufi moja kwa moja kutoka kwenye droo bila hata kuandika kwanza:

*Bwana'ngu mwenye vitabu, anasifia jirani,*
*Ana sifa ya ajabu, halioni la nyumbani,*
*Mlango wetu taabu, legelege bawabani,*
*Bwana, shairi si jibu, toa nyundo mvunguni.*

Matheka alihesabu kwa vidole. Nane kwa nane. Alihesabu tena akitafuta kosa, akakosa. Alihisi vitu viwili kwa pamoja, wivu na fahari, na hakujua kipi akionyeshe usoni.

"Jina la mtunzi?" Andati aliuliza.

"Andika Mama Mbithi," alisema Kavutha. Kisha akafikiri kidogo. "Hapana. Andika Kavutha. K moja unayo."

Nakala zilizobaki zilibandikwa kikaratasi, na waliokuwa wamenunua Jumamosi walirudi na zao zibandikwe. Wiki haikwisha kabla mtaa mzima haujakijua kile kibeti kwa moyo. Watu walianza kupita nyumbani kwao si kusalimia bali kuujaribu mlango. Waliusukuma, wakasikiliza unavyolia, wakaitikia kwa kichwa kama wajumbe wa kamati. Siku ya tatu Thuo alikuja na jamaa wawili kutoka mtaa wa Bahati waliokuwa wamesikia habari. Hapo Matheka alishindwa. Alitoa nyundo, akatengeneza bawaba mchana kweupe huku majirani wakimwimbia ubeti wa mkewe kwa sauti mbili.

Baada ya hapo wanawake wa safu ile walianza kumletea Kavutha maombi. Mmoja alitaka ubeti juu ya mume anayekoroma, mwingine juu ya anayeficha sukari. Kavutha alitunga huku anashona vyondo, bila penseli, na Matheka ndiye aliyekuwa akiandika, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri zaidi. Alijaribu mara moja kumrekebishia kina. Aliangaliwa, akaacha.

Mwaka uliofuata Andati alichapa kitabu cha pili, chenye majina mawili juu ya jalada. Siku ya kukizindua, Kavutha alisimama mbele ya holi iliyojaa hadi madirishani akasoma bila haraka, akiwaacha watu wacheke wamalize. Matheka aliketi mstari wa mbele, mkoba wa mkewe mapajani. Jirani aliyekuwa kando yake alimnong'oneza kumuuliza kama lile shairi la mtu anayezungumza na magunia ni yeye.

"Ni mimi," alisema Matheka, akakaa wima zaidi. "Nina beti nne."