Sentensi ya Marehemu Mwingine

Ipo siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na siikumbuki kwa furaha. Leo mnaniita bibi wa kompyuta, mnaniletea simu zenu nizitazame, mkidhani nilizaliwa najua. Sikuzaliwa najua. Nilijifunza kwa kumwumiza mtu, na mtu huyo alikuwa mjane.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi katika duka la steshenari hapa Makambako, si mbali na stendi. Kompyuta ilikuwa moja, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, na printa iliyolalamika kwanza kabla ya kutoa karatasi. Tajiri wangu alikaa Njombe mjini na alifika mara moja kwa wiki, kwa hiyo siku nyingine zote mkubwa wa duka nilikuwa mimi. Watu walileta barua za maombi ya kazi, kadi za kipaimara na mitihani ya shule, lakini kazi iliyonipa jina ilikuwa wasifu wa marehemu. Unajua kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima asimame ndugu mmoja mbele ya waombolezaji asome marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alimwoa nani, aliugua nini na ameacha akina nani. Watu huisikiliza karatasi ile kuliko mahubiri, mchungaji anisamehe.

Mimi nilikuwa na kasi, na nilijivunia kasi hiyo kupita kiasi. Mteja akiniambia mwili uko njiani, nilimwambia akanywe chai, akirudi atakuta tayari. Siri yangu ilikuwa ndogo: sikuanza upya hata mara moja. Nilifungua wasifu wa marehemu wa mwisho, nikaiamuru kompyuta ibadilishe jina lake kila lilipo, nikabadilisha kijiji, tarehe na watoto, nikahifadhi juu ya faili lile lile, nikachapa. Marehemu mpya alivaa koti la marehemu aliyetangulia, na hakuna aliyejua.

Sasa, Jumamosi moja alfajiri yenye baridi ya kung'ata vidole, alikuja mzee kutoka Mahongole akiwa na karatasi ya daftari mkononi. Kaka yake, Mzee Ezekia, alikuwa amefariki katika hospitali ya Tandala kule Makete baada ya kulazwa miezi mitatu, na gari lenye mwili lilikuwa limeshaondoka kule. Yule mdogo wa marehemu nitamwita Baba Mdogo, maana ndivyo wote walivyomwita. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa. Nilifungua wasifu wa mwisho niliokuwa nao, wa mzee mmoja wa Lyamkena aliyezikwa mwezi uliotangulia. Jina nikalibadilisha kwa amri moja. Jina la hospitali nikalibadilisha kwa amri nyingine. "Wajane wawili" nikaandika "mjane mmoja", watoto nikawaweka watano. Umeme ulikatika mara moja, ukarudi, na Baba Mdogo akaniuliza kama bado. Nikachapa, nikampa, akaikunja bila kuisoma. Na mimi sikuisoma.

Yaliyotokea makaburini niliyasikia Alhamisi, sokoni, nikichagua viazi. Wanawake wawili walikuwa wanazungumza, kwa Kibena na Kiswahili kilichochanganyika, juu ya msiba wa Mahongole. Wakasema kijana wa ukoo alisoma vizuri mpaka akafika sehemu ya ugonjwa, na hapo akasoma hivi: "Katika kipindi chote cha kuugua kwake pale Tandala, marehemu alihudumiwa kwa upendo na mke wake mdogo hadi pumzi ya mwisho." Watu wakageukiana. Mke wake mdogo? Mzee Ezekia alikuwa mtu wa mke mmoja, Mama Neema, aliyefunga naye ndoa kanisani na kuishi naye miaka karibu arobaini. Lakini huyo Mama Neema alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuweza kwenda Tandala hata mara moja, na marehemu, kabla ya kuugua, alikuwa na tabia ya kwenda Makete kila msimu kutafuta mbegu za viazi. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Kumbe mbegu za viazi. Wapwa waliokwenda kumwuguza kwa zamu walikana, lakini nani anamwamini mpwa katika siri ya mjomba wake?

Viazi niliviacha pale pale. Nilirudi dukani karibu nikikimbia, nikafungua faili, na sentensi ile ilikuwa pale. Haikuwa na jina la mtu ndani yake, ndiyo maana amri ya kwanza haikuigusa, na ile ya pili ilibadilisha hospitali tu. Ilikuwa ya marehemu wa Lyamkena, aliyekuwa kweli na wake wawili na aliyeuguzwa kweli na yule mdogo. Kompyuta ilikuwa imefanya kila nilichoiambia, wala haikuongeza lake.

Sasa sikiliza kosa la pili, mwanangu, kwa sababu hilo ndilo ninalokusimulia hasa. Niliogopa. Niliogopa tajiri wangu, niliogopa aibu ya kutajwa sokoni, nikafanya ambalo mtu mwoga hulifanya haraka: niliifuta sentensi ile, nikahifadhi, nikafunga. Nikajiambia sasa wasifu ni sahihi. Nikanyamaza siku sita nzima, nikichapa kadi za watu kana kwamba hakuna kitu.

Siku ya saba alikuja dukani mama mmoja wa kwaya kuchapisha nyimbo, akasema wazee wa ukoo wameamua kutuma watu wawili Tandala wakamtafute huyo mke mdogo, na mpaka apatikane kikao cha ukoo hakitazungumza lolote juu ya nyumba wala mashamba. Akasema pia Mama Neema amekataa kusindikizwa kaburini kwa maombi. Amekaa jikoni, halii, hasemi na mtu. Hapo ndipo nilipofunga duka mchana kweupe nikaenda Mahongole.

Nilimkuta Mama Neema amekaa kwenye mkeka, Baba Mdogo karibu naye. Nikawasalimu kwa Kibena, kamwene, wakaitika. Nilipiga magoti, nikaeleza yote, na kama ushahidi nikatoa wasifu niliouchapa kabla ya kutoka dukani, usio na ile sentensi. Baba Mdogo akaugeuza huku na huku. Akaniambia polepole kwamba karatasi hii nimeiandika leo, na leo naweza kuandika ninachotaka. Akaniuliza kama wapwa zake ndio walionituma. Sikuwa na cha kumwonyesha, kwa maana ule wa kwanza niliufuta mwenyewe, na ule wa Lyamkena nilikuwa nimeushindilia chini ya huu siku ile ya kwanza. Ndani ya kompyuta nzima palikuwa na faili moja tu la wasifu, safi, lisiloweza kunitetea.

Mama Neema akanitazama kwa upole ulionichoma kuliko kofi. Akasema, "Unanihurumia, mwanangu, na nakushukuru. Lakini mimi ni mtu mzima. Kama yupo, acha aje, nimwone."

Nililia njia nzima ya kurudi. Halafu nikakumbuka kwamba kompyuta imesahau, lakini karatasi hazisahau. Wasifu wa marehemu hautupwi, watu huuweka ndani ya Biblia au chini ya nguo sandukuni. Jioni ile, jua halijazama, nikabisha hodi Lyamkena kwa Mama Tumsifu, yule mjane mdogo mwenyewe.

Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaingia ndani akatoka na kitabu cha nyimbo, na ndani yake karatasi imekunjwa mara nne. Hakunipa. Aliishika tu. Akaniambia watu wa nyumba ile hawakuwahi kumwita mke, walimwita yule mwanamke, na siku ya wasifu alimwomba shemeji yake jambo moja tu, waseme kwamba yeye ndiye aliyemwuguza. Ile sentensi ilikuwa yake. Hakuwa na nyingine. Nilijua ninachomwomba: achukue kitu pekee alichopewa, akakionyeshe ugenini ili mwanamke mwingine apate heshima ya kuwa peke yake. Nikaona haya, nikasimama niondoke. Akasema nimpitie kesho asubuhi, atakwenda mwenyewe, kwa sababu karatasi inaweza kubishiwa.

Kesho yake tukaingia wawili katika ua wa Mahongole. Wazee wawili wa safari ya Tandala walikuwa wameshavaa makoti. Mama Tumsifu hakusubiri kukaribishwa kiti. Akasimama mbele ya Mama Neema, akakunjua karatasi, akasoma sehemu ya ugonjwa kwa sauti, neno kwa neno kama ilivyosomwa kaburini, isipokuwa hospitali ilikuwa nyingine na jina la marehemu lilikuwa jingine. Kisha akasema, "Mke mdogo mnayemtafuta ni mimi, mama. Lakini mume ni wangu, si wako. Wako sikuwahi kumwona."

Baba Mdogo akaleta karatasi iliyosomwa kaburini, wakaziweka bega kwa bega juu ya mkeka. Hata koma zilifanana. Wazee wakavua makoti yao, mmoja baada ya mwingine. Mama Neema akamshika Mama Tumsifu mkono, akamkalisha karibu naye kwenye mkeka, akamwambia asante, mke mwenzangu wa karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kilio. Alilia sana. Sisi wote tukamwacha alie.

Alipotulia akaniita mimi. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Akasema, "Binti, kuchanganya karatasi nakusamehe, hata mimi huchanganya chumvi na sukari. Lakini ulijua tangu Alhamisi. Siku kumi na mbili mume wangu yuko ardhini na mimi nimemnyima machozi, nimelala nikimtukana moyoni. Tano hukujua. Hizo saba nyingine ni zako."

Huyo mama ameshafariki, Mungu amweke pema, na wasifu wake niliuandika mimi, kwa ombi lake, kuanzia ukurasa mtupu.

Basi, mwanangu, wewe mwenye simu inayofanya kazi za kompyuta kumi za wakati wangu, nisikilize. Kila kazi mpya ianzie kwenye faili jipya. Ukitaka umbo la kutumia tena, tengeneza moja lisilo na habari za mtu yeyote, nafasi tupu tu, na kila ukilitumia lihifadhi kwa jina jipya lenye jina la mwenye kazi na tarehe. Ukibadilisha maneno kwa amri moja, usidhani umemaliza, kwa maana mashine hubadilisha ulichoitajia, na usichokitaja hukiacha pale pale. Soma kwenye karatasi, usisome kwenye kioo, na usome kwa sauti, mwenye kazi akiwa amekaa mbele yako, hata kama amesimama mlangoni anahema. Mwambie akae. Najua siku hizi mnayo programu inayokuandikieni barua nzima mkiiomba. Vizuri, iombeni, lakini jina litakalowekwa chini ni lako, kwa hiyo kila sentensi uijue ilikotoka.

Na nakala usiweke moja. Weka nyingine kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ukigundua kosa usilifute kwa haraka. Liache lile lenye kosa na jina lake, tengeneza sahihi pembeni, maana iko siku lile lenye kosa ndilo litakalosema kweli. Hata ujumbe ulioutuma vibaya kwenye kundi la ukoo, usiufute ukakaa kimya. Waliousoma wameshausoma. Andika chini yake kwamba umekosea, na kama umemwumiza mtu, mpigie au uende.

Nenda sasa, kazi inakungoja. Mungu aibariki mikono yako iwe na kasi, ayabariki macho yako yawe na subira kuliko yangu ya ujana. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea tu, akupe miguu ya kwenda kusema siku ile ile.