Kicheko cha Yaya Ukumbini

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu Uvira tunamwita yaya, alikuwa na kicheko kinachoanza na kwikwi. Kwanza kwikwi, kisha kimya kidogo, kisha kinamwagika chote. Akicheka pale sokoni Kalundu kwenye ndagala zake, yaani dagaa, wauzaji wa upande wa pili walimjua bila kugeuza shingo. Nalitaja hili mapema kwa sababu yule niliyemwita rafiki anapenda kusema kwamba jina la yaya hakulitaja popote.

Rafiki huyo tulikuwa maasistenti pamoja chuoni. Ofisi moja, meza moja, saa sita sahani moja ya ugali wa muhogo. Alikuwa akiandika kazi yake ya udaktari juu ya wanawake wa kando ya ziwa wanaopanga uzazi kwa siri, na wanawake wakawa wanamkimbia. Nani atamfungulia moyo mgeni mwenye telefone mkononi? Akanililia: "Nitafutie hata mumoja tu, ndugu yangu. Kazi yangu inakufa."

Nilikuwa na mmoja. Yaya alizaa mtoto wa sita akanusurika kufa, na tangu hapo aliwekewa kijiti mkononi, kile cha kuzuia mimba. Mume hakujua. Mama mkwe ndiyo usiseme. Siku wangejua, ndoa ingekwisha, na siri hiyo tuliijua mimi na yeye tu.

"Huyo rafiki yako, haiko na mudomo?" yaya aliniuliza.

"Hapana, yaya. Atarekodi asisahau maneno, kisha atafuta. Hakuna mwingine atasikia."

Rafiki mwenyewe akaweka mkono kifuani: "Mbele ya Mungu, yaya."

Yaya akaongea kama mtu anayetua mzigo. Alipofika kwa mama mkwe wake, kicheko kikamshika. "Mama mukwe anafunga, anaomba Mungu anipatie mimba, na minye niko namuitikia amina!" Kwikwi, kimya, kicheko. Tulicheka wote watatu mpaka machozi.

Siku ya kutetea ile kazi ikafika. Kwetu msomi hatetei peke yake: ukoo mzima unakuja na maua, vitenge vya sare, vile tunavyoviita vikwembe, masufuria ya chakula. Yaya alikaanga mikeke, samaki wa ziwa letu, tangu asubuhi, akaja nayo pamoja na mume wake na mama mkwe, kwa maana wote walialikwa. Rafiki aliwakumbatia mlangoni mmoja mmoja. Aliwaona vizuri kabisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka kwenye benchi la mbele.

Katikati ya maelezo akawaambia maprofesa: "Sasa tumsikie mwanamke mwenyewe."

Jamani! Sauti ya yaya ikajaa ukumbi. Jina hakuna, kweli. Kijiti kipo, mama mukwe yupo, amina ipo, halafu kwikwi, kimya, kicheko. Watu wakacheka naye, na maprofesa pia, mmoja akapiga makofi. Mama mkwe aliinuka, akakaza kikwembe chake kiunoni, akatoka nje. Mume alibaki. Alimshika yaya mkono juu ya kiwiko, akapapasa kwa dole gumba, polepole, mpaka akakipata.

Wiki haikuisha, yaya akarudishwa kwa baba yetu, kule Kamanyola. Watoto walibaki kwa mume.

Nilimvamia rafiki ofisini. "Uliapa utafuta!"

"Lakini jina sikutaja," alisema. "Na ile sehemu ndiyo iliwapendeza kupita zote."

Nikaenda kwa profesa aliyemsimamia. Akanisikiliza huku akipanga karatasi zake, kisha akanishauri nisimwonee mwenzangu wivu. Wivu! Mimi! Asante ya punda ni mateke, sawa, lakini punda angalau hali nawe sahani moja kwanza. Nilitukana mle ofisini kwake mpaka katibu akaja kufunga mlango. Mwisho rafiki akaitwa, akaapa tena mbele ya profesa kwamba safari hii atafuta kweli.

Yaya sasa analima muhogo na mama. Nikimpigia ananijibu vizuri, ananiuliza habari za watoto wangu, wa kwake hawataji. Hajanitukana hata siku moja, na ingekuwa afadhali anitukane. Mara moja tu aliniambia: "Minye sikumuambia yeye. Niliambia weye." Najaribu kumsimulia vituko vya majirani, vile vilivyokuwa vikimmaliza zamani. "Ehee," anasema, "na mvua imenyesha huko?" Hacheki tena. Mama anasema hata shambani, wanawake wenzake wakitaniana, yeye anainama na jembe lake.

Juzi nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi. Katika darasa la jirani alikuwa rafiki, siku hizi tunamwita daktari, akiwafundisha wa mwaka wa kwanza jinsi ya kumhoji mtu mpaka akuamini. Mara ukutani nikasikia sauti ninayoijua, inasema amina. Halafu kwikwi.

Nikatupa kalamu. Nilifika kwenye mlango wa lile darasa na matusi yote mdomoni, nikashika kitasa. Ndani kulikuwa kimya, kile kimya chake kidogo. Nikasimama pale na mkono wangu kwenye kitasa, nikangoja kwanza kicheko kimwagike.