Nimeitwa Kunywa Chai

Mke wangu anasema duka letu la hapa Mugumu limegeuka ghala la taa. Hajakosea. Taa za sola zimepanda kutoka sakafuni hadi darini, zimeziba dirisha, na mteja akitaka betri za redio inabidi nipite kiubavuubavu kuzifuata. Vijiji jirani vimeshanunua, Manchira wameshanunua, Nyansurura wameshanunua, soko limeshiba. Bado naagiza. Anadhani tamaa ya biashara imenipanda kichwani. Sijamwambia kwamba kila ninapoagiza, naomba radhi.

Taa hizo zinatoka kwenye karakana ya mama mmoja kusini mwa China. Nilimfahamu safari yangu ya kwanza ya kufuata mzigo, wakati sijui hata kuomba maji. Alinikalisha, akanimiminia chai nyepesi isiyo na maziwa, nami nikaomba sukari. Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku ile nikamwita dada mkubwa, kwa lugha yake, naye akaniita mdogo wangu. Kila nikirudi, swali lake la kwanza lilikuwa kama nimebeba sukari yangu.

Dada alipenda kusimulia, nami safari baada ya safari nikaijua lugha yake ya kuongea, ya kuandika bado. Alikulia kwenye kijiji cha kulima pamoja, ambako jioni mkuu wa kikundi alitangaza nani kafanya kazi na nani kazembea, na chakula kilifuata tangazo hilo. Nikamwambia hayo siyo mageni kwangu. Baba yangu alihamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, akaiacha migomba yake ikiwa na mikungu. Tukacheka kama watoto waliochapwa na mwalimu mmoja. Baadaye Chama chao kikabadili mambo: kila kaya ikapewa shamba lake, na mwenye cha kuuza akauze. Yeye akaanza kwa kutembeza vifungo vya mashati, akaishia kuwa na karakana.

"Chama kilisema tajirikeni, tukatajirika," aliniambia. "Hakikusema semeni."

Safari yangu ya mwisho alinisimulia jambo jingine. Kabla hajaanza, alichukua simu yangu na yake, akazifungia kwenye droo ya chumba cha pili, chini ya matambaa. Nilidhani anaogopa zisimwagikiwe chai. Ndipo akaniambia kuwa kijiji alichozaliwa kinachukuliwa ili kijengwe viwanda, na fidia haitoshi hata kuanzia. Kaka yake na wenzake walipanda treni kwenda mji mkuu kulalamika. Walipofika waliwakuta viongozi wa kwao wenyewe wanawasubiri kituoni, wakarudishwa nyumbani. Dada hakuniambia nisiseme. Alidhani droo imeshaniambia.

Mimi ni Mkurya wa Kemambo. Kwetu ukitaja ardhi na fidia, mkutano mzima unasimama. Mtu atamnyooshea mwenyekiti fimbo, atamwambia maneno mbele ya wajukuu zake, na kesho yake watasalimiana kama kawaida. Nilikuwa naamini dunia nzima iko hivyo, isipokuwa wengine ni waoga.

Basi asubuhi moja, kwenye kundi letu la simu la wanunuzi na wauzaji, dada akaweka picha ya taa mpya. Chini yake akaandika kwamba kijiji chake kinaendelea vizuri, shukrani kwa serikali. Damu ikanichemka. Nikatumia programu ya simu ya kutafsiri, nikaandika pale pale, watu wote wasome: "Dada, usiwasifu hao! Wamewanyang'anya ardhi, na kaka yako wamemrudisha kama mwizi. Simameni mdai haki!" Nilijiona mwanaume kwelikweli. Nikamsomea mteja aliyekuwa dukani.

"Mura, hapo umewapa!" akasema, na tukagongeana mikono.

Kesho yake dada aliniandikia mimi peke yangu: "Mdogo wangu, nimeitwa kunywa chai."

Nikajibu: "Safi sana! Kanywe, na leo waambie waweke sukari nyingi." Nikaongeza na vikatuni vya kucheka.

Hakunijibu, na jina lake likatoweka kwenye kundi. Nilikuwa naanza kununa, ndipo akaja fundi mmoja Mchina wa barabara, aliyezoea kununua vocha kwangu. Nikamsimulia ile habari ya chai kama kichekesho. Hakucheka. Aligeuka akatazama mlangoni kwanza.

"Rafiki, hiyo chai hapana chai," akasema. "Hiyo polisi. Naita yeye, nakalisha, nauliza maswali. Wewe naandika nini?"

Alitia vocha mfukoni akaondoka, na hajarudi tena dukani kwangu. Kwetu rushwa tunaiita chai, na hadithi ya uongo tunaiita chai. Mimi niliyeyajua yote hayo sikujiuliza chai ya dada ni chai gani.

Alirudi baada ya muda mrefu. "Mteja mheshimiwa," aliandika, "karakana inaendelea na kazi. Karibu uagize." Lile neno "mdogo wangu" halikuwepo tena. Habari za kaka yake sizijui, na siwezi kuziuliza. Hata msamaha siwezi kuuomba, maana ningelazimika kulitaja kosa, na kulitaja ni kumrudisha kulekule. Ndiyo maana naagiza taa.

Mzigo wa mwisho umefika juzi. Nilipolipasua boksi la kwanza kwa kisu, juu ya taa kulikuwa na pakiti ya majani ya chai, na pembeni yake kijipakiti kimoja cha sukari, vile vinavyowekwa mezani hotelini. Hakukuwa na maandishi yoyote. Nikakaa juu ya boksi, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia mchana kweupe. Angenitukana ningepata nafuu. Kumbe huko alikokalishwa alikuwa na utani wangu wa kijinga kwenye simu yake, na bado amenirudishia utani.

Mke wangu akaja mbio kutoka uani. "Zimevunjika?" akauliza.

Nikatikisa kichwa. Nikachukua simu, nikaandika: "Mzigo umefika salama, hakuna kilichovunjika." Kisha nikaagiza taa nyingine.