Kiwanja cha Boma

Siku niliyofika katika mji ule, watu watatu waliniuliza swali moja. Mwenye mgahawa wa stendi aliniuliza nikiwa bado nimeshika begi. Mhudumu wa ofisi aliniuliza wakati nasaini kitabu cha mahudhurio. Jioni akaniuliza mama mwenye nyumba niliyopanga chumba. "Umeletwa kufanya nini?" Hakuna aliyesema nimekuja. Wote walisema nimeletwa.

Nilikuwa nimehamishiwa pale kuwa karani wa masijala, yaani mtunza mafaili wa makao makuu ya wilaya. Mimi ni mtu wa Morogoro Mjini, nimezaliwa na kusoma hapo. Mji ule sitautaja jina. Uko upande wa nyuma wa Uluguru, kwenye barabara ya udongo mwekundu ambayo wakati wa masika basi hulala njiani. Ulikuwa na safu moja ya maduka, msikiti, kanisa, sekondari, soko la siku mbili kwa wiki, na boma. Watu walikuwa bado wanaziita ofisi za wilaya "boma", kama walivyoziita wazee wao. Boma ndilo lililowaleta wapangaji, wanywa chai, wenye kesi za mashamba na wanaotafuta cheti cha kuzaliwa. Likiondoka boma, mji unabaki kijiji chenye msikiti mkubwa kidogo.

Na tetesi za kuondoka zilikuwepo. Ilisemekana makao makuu yatapelekwa kwenye mji mwingine, ulio kando ya lami. Tetesi hizo zilikuwa na umri wa miaka mingi, lakini kila alipoingia mgeni zilifufuka. Ukishuka kwenye basi, watu waliangalia kwanza umeshika nini mkononi, kisha ndipo wakakuangalia usoni.

Mama mwenye nyumba yangu alikuwa mjane wa Kiluguru aliyepita miaka sitini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Asubuhi aliuza vitumbua na chai mbele ya geti la boma. Meza yake ilikaa mahali ambapo hakuna gari lingeingia au kutoka bila yeye kuliona. Wiki ya kwanza aliniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nilimwambia mama ni Mluguru wa huko juu milimani, lakini alikufa nikiwa mdogo na ukoo siujui.

"Hujui lukolo lako?" aliuliza.

"Sijui, mama."

Hakuuliza tena. Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama, na ardhi hufuata ukoo, kwa hiyo asiyeujua ukoo wa mama yake ni kama mtu aliyeshindwa kutaja kwao. Tuliendelea kula pamoja jioni, ila niliona ananipima.

Miezi ilipita. Mwanzoni mwa masika lilikuja gari jeupe lenye watu wanne. Walipima kiwanja cha boma kwa kamba, wakachomeka vigingi vyenye vitambaa vyekundu, wakanywa chai kwa yule mama, wakaondoka. Yeye aliwauliza wanapima nini. Wakamwambia ni kazi ya kawaida.

Wiki iliyofuata afisa utumishi, ambaye ndiye aliyekuwa bosi wangu, aliniita. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kupandisha sauti. Alisema paa la masijala linavuja, na kweli lilivuja. Kwa hiyo niyapange majalada yote kwenye maboksi, niandike orodha ya kila boksi kwa nakala mbili, tuyahamishie chumba cha mikutano mpaka paa litengenezwe.

"Na mambo ya masijala hubaki masijala," aliongeza. "Unakumbuka kiapo chako cha kutunza siri."

Nilikikumbuka. Nilizunguka madukani kuomba maboksi matupu ya sabuni na ya majani ya chai. Kwa siku tatu nilipita katikati ya mji nimebeba maboksi kichwani, mchana kweupe. Leo nikikumbuka naona jinsi nilivyoonekana. Wakati ule niliona natimiza kazi tu.

Jioni ya siku ya tatu mama mwenye nyumba aliniuliza, "Maboksi yote yale ya nini, mwanangu?"

"Ya kazi tu, mama."

Aliitikia kwa kichwa, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Kuanzia hapo mji ukabadilika. Nikisalimia, salamu inajibiwa nusu. Sokoni muuza nyanya ananichagulia zile za chini ya tenga. Mwenye mgahawa, ambaye alizoea kuniuliza habari za mjini, sasa ananyamaza nikiingia, na waliokuwa wakiongea nao wananyamaza. Mwanzoni nilidhani ni mimi ninayewaza vibaya. Kisha Ijumaa moja tukafungua sanduku la maoni.

Sanduku lile lilitundikwa ukutani karibu na geti, na mimi ndiye niliyekuwa naliandikia kumbukumbu. Mara nyingi tulikuta karatasi moja au mbili, mtu analalamika kuhusu choo au foleni. Siku ile ilikuwemo barua ndefu isiyo na jina. Afisa utumishi aliisoma, kisha akanisogezea.

Barua ilisema karani mgeni wa masijala ndiye aliyetumwa kulihamisha boma. Ilisema anafunga mafaili kwa siri. Kisha ilisema jambo lililonifanya nikae chini: kila jioni karani huyo anasimama nyuma ya nyumba, penye mpapai, anaongea na simu, na amesikika kwa masikio akisema, "Wakikubali tutahama kabla ya Pasaka."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema. Nilikuwa naongea na dada yangu. Nilikuwa nimeandika barua ya siri kuomba uhamisho nirudi Morogoro, na tulikuwa tunapanga kukaa pamoja nyumba mpya. Pale penye mpapai hapakufika mtu mwingine. Dirisha moja tu lilitazama pale, la chumba cha mama mwenye nyumba.

Sikumwambia kitu. Nilirudi, nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba," tukala. Lakini tangu siku ile nililala nimefunga mlango kwa komeo na kiti. Nilianza kwenda barabarani kupiga simu. Nikaacha kula naye kwa kisingizio cha tumbo, nikawa napika wali mkavu chumbani kwenye jiko la mafuta. Na kila asubuhi kabla ya kutoka niliweka uzi mweusi juu ya sanduku langu la nguo, umelala kutoka pembe hadi pembe, nijue kama ameingia. Alikuwa na ufunguo wa akiba. Nani anayejua alikuwa anatafuta nini.

Mtu akianza kumshuku mwenzake, kila kitu kinakuwa ushahidi. Akicheka na jirani, nilijua wananicheka mimi. Akinyamaza, nilijua anasikiliza. Siku moja aliniachia bakuli la mboga ya kisamvu mlangoni. Niliimwaga kwenye shimo, nikalifunika kwa udongo ili asione.

Uzi ulikaa palepale siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta sanduku limesogezwa upande wa pili wa chumba na uzi haupo.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, umeingia chumbani kwangu."

"Nimeingia," alisema bila kuinua macho. "Mvua imevuja juu ya sanduku lako. Nimelisogeza. Nimeweka ndoo."

Ndoo nilikuwa nimeiona na sikuitilia maanani. Nilipaswa kunyamaza hapo, lakini nilikuwa nimechoka.

"Na barua ya kwenye sanduku la maoni?"

Aliweka ungo chini. "Barua niliiandikisha mimi. Mimi sijui kuandika vizuri, nilimpa maneno mtu akaandika. Unataka nikuombe radhi?"

"Nataka nijue nimekukosea nini."

Akaniambia. Kiwanja chote cha boma kilikuwa shamba la bibi zake. Ukoo wao ulikitoa zamani, kabla yeye hajaolewa, ili serikali ipate pa kuweka ofisi. Mama yake alikuwepo siku hiyo, alitia dole gumba. Makubaliano yalikuwa kwamba ofisi zikiondoka ardhi irudi kwa ukoo. Waliojua hayo walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Karatasi waliyoitia dole ilibaki bomani, wao hawakupewa nakala.

"Boma likihama kimyakimya," alisema, "karatasi itapotea njiani. Halafu atakuja mtu mwenye hati mpya, ataweka ukuta. Tumeyaona kwingine. Ndiyo maana tulikuwa tunataka kwenda mkoani, wanawake wa ukoo wote, tukaseme kabla hawajahama. Sasa wewe upo mle ndani. Umeiona karatasi yetu?"

Nilikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeiorodhesha mwenyewe kwenye boksi la majani ya chai: kurasa mbili za mwandiko wa wino uliofifia, na madole gumba kumi na moja.

"Siruhusiwi kusema yaliyomo kwenye mafaili, mama."

"Sawa," alisema. "Basi niambie unaloruhusiwa."

Nikamwambia kuhusu paa. Nilimweleza maboksi ni kwa sababu ya mvua, hakuna kuhama. Nikamweleza na simu, kwamba anayehama ni mimi peke yangu, nimeomba uhamisho. Niliapa kwa kaburi la mama yangu.

"Kumbe unatukimbia tu," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitabasamu. "Hilo si kosa."

Jioni ile tulikula pamoja. Kesho yake, mezani pake getini, aliwaambia wenzake kwamba binti wa masijala ameapa, ni mvua tu. Muuza nyanya alianza tena kunichagulia nzuri. Wanawake wa ukoo waliahirisha safari ya mkoani mpaka baada ya mavuno.

Baada ya siku kama ishirini yalikuja malori matatu. Yalifika Jumamosi asubuhi, wakati hata sisi watumishi hatupo kazini. Nilipoitwa nikawakuta vibarua wanabeba maboksi yangu kutoka chumba cha mikutano, na afisa utumishi amesimama na ile orodha, nakala ya pili, anaweka alama.

"Umepanga vizuri sana," aliniambia. "Kazi imekuwa nyepesi."

Nilimuuliza kama alijua tangu mwanzo. Alisema paa lilikuwa linavuja kweli.

Nje ya geti watu walikuwa wamejaa. Mama alisimama nyuma ya meza yake. Nilipita mbele yake, nikashindwa kutoa salamu. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenitukana. Jumatatu niliripoti mji wa lami, kwenye jengo lililokuwa bado linanuka rangi. Nyuma yetu, nilisikia, wanawake wapatao ishirini waliingia kwenye kiwanja cha boma na majembe, wakang'oa vigingi, wakapanda maharage mpaka chini ya madirisha ya ofisi tupu.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha siku ya soko nilipanda basi nikarudi. Mama alikuwa palepale kiwanjani, kwenye maharage. Hakunikaribisha. Nilimwambia palepale, nimesimama kwenye matuta, "Andikeni barua rasmi kuomba nakala. Msiandike habari ndefu. Andikeni namba ya jalada na namba za kurasa." Nikamtajia. Nilizirudia mara tatu, na yeye akazirudia kama mtu anayejifunza sura. Kiapo nilikuwa nimekivunja, ninajua.

Alikuja mwenyewe mji wa lami na barua, pamoja na mjomba wake mzee. Niliipokea kwenye dirisha la masijala, nikagonga muhuri wa "Imepokelewa", nikaandika kwenye daftari mbele yao. Hatukuonyesha kwamba tunajuana. Kwa kuwa namba ilikuwa imetajwa na daftari langu lilionyesha jalada lipo, hakuna aliyeweza kusema limepotea.

Afisa utumishi aliniita siku ileile. Alikuwa mpole kama kawaida.

"Wale wazee wamepata wapi namba ya jalada?"

"Sijui, bosi."

"Hata mimi sijui," alisema, akaendelea kunitazama.

Uhamisho wangu, ambao ulikuwa umekaa bila jibu muda wote ule, ulikubaliwa mwezi uliofuata. Mpaka leo sijui kama nilipewa nilichoomba au niliondolewa.

Nakala walipewa, na shauri la kiwanja likachukua karibu miaka miwili. Ukoo ulirudishiwa sehemu yote ya nyuma, kuanzia palipokuwa na karakana mpaka mtoni. Majengo ya mbele yakawa zahanati, na wao walikubali hivyo. Mji ulipungua, mgahawa wa stendi ulifungwa, vyumba vingi havina wapangaji. Haukufa kama walivyohofia.

Mwaka jana nilikwenda kumwona mama. Alinipikia, akanionyesha migomba aliyopanda penye yale matuta. Tulipokuwa tunakula aliniuliza, "Yale malori, kweli hukujua?"

"Sikujua, mama."

"Mimi nimekubali," alisema. "Ila dada yangu mdogo bado anasema ulijua. Anakuja jioni. Usiondoke kabla hajafika, mwambie mwenyewe."

Nilikosa basi la saa tisa nikimsubiri. Alikuja, akasikiliza yote mpaka mwisho, akashukuru kwa kufika kwangu. Kama aliniamini au la, hakusema.