Siku Nashipai Alipoacha Mashindano Akaenda Kula

Wacha nikiri mwenyewe kabla mtu mwingine hajawaambia akatia chumvi: yule mtu wa Noonkopir aliyetangazwa kwa kipaza sauti, mbele ya mama mkwe, kwamba farasi wake ameenda kula, ni mimi.

Ilikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Nilikuwa nauzia wenye farasi nyasi kavu huku Kitengela, na mama mmoja mwenye banda la farasi (sote tulimwita Madam) alikuwa ameona navyopenda wanyama, akanifundisha kupanda kwa miaka miwili, kila nikimaliza kushusha mzigo. Basi akaniandikisha na farasi wake jike, Nashipai, kwenye mashindano ya wanaoanza karibu na Kajiado: Jumamosi asubuhi unamtembeza farasi kwa madaha mbele ya majaji, mchana mnakimbia porini mkiruka magogo na mitaro, na Jumapili mnaruka vizuizi vya uwanjani.

Mimi nikamwalika Mwende, mchumba wangu, aje na mamake kutoka Machakos. Mama alikuwa hajakubali tuoane. Hakuwa amekataa, lakini kila tukimuuliza alisema tu, "Bado namwangalia." Nikaona, wacha aniangalie nikiwa juu ya farasi, na suruali nyeupe.

Kosa langu lilikuwa dogo. Pikapu yangu ilikuwa imejaa nyasi za mteja wa Kajiado, na kwa vile jua lilikuwa kali, nikaiegesha kando ya kamba ya uwanja ili mama akae kwa kivuli chake aone vizuri.

Madam alipita akaniuliza, "Njoroge, hiyo nyasi itakaa hapo?"

"Hakuna shida, Madam."

Asubuhi ilienda salama (jaji mmoja hata alisema nimekaa wima). Mchana tukatoka, gogo la kwanza tukaruka, la pili tukaruka, mtaro tukaruka, nikaanza kujiskia kama Kajiado yote ni yangu, halafu tukikaribia kizuizi cha tano upepo ukageuka, Nashipai akainua pua, na kabla sijavuta hatamu tulikuwa tumeacha njia, tumeruka kamba (na aliruka vizuri sana, hiyo ndiyo iliniuma), watu wanakimbia na viti vyao, na yeye akasimama ghafla mbele ya pikapu. Mimi sikusimama. Nilipitia shingoni nikaangukia sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe aliyotuletea mama, miguuni pake.

Mzee mmoja Mmaasai aliyekuwa analinda kizuizi cha tano akaongea kwa redio yake, na sijui nani aliunganisha hiyo redio na kipaza sauti: "Nambari kumi na moja hajaumia. Farasi ameenda kula."

Uwanja mzima ulicheka. Niliinuka uso unawaka, kiboko bado mkononi, na vijana wakaanza kupiga kelele, "Mchape! Mchape huyo!" Nitasema ukweli: niliinua mkono. Halafu nikaona Nashipai anatafuna polepole, ameniangalia bila wasiwasi wowote, nikajua aliyekosea si yeye. Nikaangusha kiboko, nikampapasa shingo.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nimekuharibia chakula."

Mama aliinuka, akashika hatamu. "Punda wa kubeba maji nimebembeleza miaka thelathini," akamwambia Mwende, si mimi, akamvuta farasi taratibu hadi kwa Madam, nami nikifuata nyuma nikidondosha mahindi. Huko nikaambiwa kwamba mtu akianguka, mashindano yake yameisha.

Jioni tulikuwa kwa dada yangu, Noonkopir, tunakunywa chai. Mama akaweka kikombe chini.

"Watu wakimcheka baba yake Mwende sokoni, sisi ndio tuliochapwa nyumbani," alisema. "Nimekuja huku mara tatu nikingoja nikuone umeaibika. Leo nimeona. Niliona ukiinua mkono, nikaona ukishusha." Akamgeukia binti yake. "Panga siku yako ya harusi."

Mwende alilia. Mimi nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Sijashindana tena, na sitawahi. Aibu moja kama ile inanitosha maisha. Lakini hadi leo namshukuru mama yule kwa kutokuwa na haraka ya kunikubali.