Mara, Binti wa Naomi

Nilipokuwa mtoto, watu wa kwetu Kiirua waliliita jina langu kwa sauti ya chini, kama wanaotaja ugonjwa. Mara. Shuleni halikuwa na tabu sana, wenzangu walicheka tu na kuniuliza, "Mara ngapi?" Lakini nyumbani, ambako Biblia ilisomwa kila jioni, kila mmoja alijua ni neno la Kiebrania, na kwamba maana yake ni uchungu.

Baba alifariki kabla sijazaliwa, gari la miraa lilipobingirika likitoka Mikinduri. Watu wa ukoo wake walisema mama ndiye aliyeleta mkosi, naye akarudi kwa wazazi wake nikiwa tumboni. Kwa desturi ningepewa jina la mama mzaa baba. Mama alikataa. Yeye mwenyewe aliitwa Naomi, na alimkumbuka yule Naomi wa Kitabu cha Ruthu, aliyerudi Bethlehemu bila mume wala wana, akawaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, yaani mwenye kupendeza, bali wamwite Mara.

Nyanya, mama yake mzazi, alimkanya. "Jina huita," alimwambia. "Ukimwita mtoto uchungu, uchungu utaitika."

Sisemi nyanya alinichukia. Asubuhi za baridi alinifunga shali yake mwenyewe, akanipa kiazi cha moto nikishike mfukoni njiani. Lakini sikuruhusiwa kutia mbegu ya kwanza shambani, wala kumpakata mtoto mchanga wa jirani. Nilizoea kukaa kando. Mtu huzoea kukaa kando kama anavyozoea baridi ya kwetu: haachi kutetemeka, anaacha tu kulalamika.

Nilikuwa darasa la tatu mama mdogo Kananu alipochumbiwa na kijana wa Embu. Siku chache kabla wageni hawajaleta mahari, wanawake walipika ucuru, ule uji wetu wa mtama na wimbi, wakaumimina kwenye vibuyu uchachuke.

"Huyu asikanyage huku," nyanya alisema, akininyooshea kidole bila ukali. "Uji ni wa watu."

Nikapelekwa kuchunga kondoo ng'ambo ya mfereji. Nilisikia wanawake wakiimba na kucheka, na harufu ya moshi ikanifikia. Wimbo niliujua, nikawa naitikia mwenyewe, kwa kondoo.

Siku yenyewe ilipofika, mzee wa upande wa Embu alipewa kibuyu cha kwanza. Alionja, akafumba macho, kisha akageuka akatema pembeni kwa heshima. Akaonja mwingine. Naye akarudisha kikombe.

"Ni mchungu," alisema taratibu.

Nyanya hakunitazama mimi. Alimtazama mama.

"Nilikwambia, Mama Mara. Nilikwambia!"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala, na sijapata kujiona mkubwa na wa kuonekana kama nilivyojiona wakati ule. Kananu alikuwa ameanza kulia. Wazee wa Embu walinong'onezana kwa Kiembu chao. Uji mchungu siku ya mahari si jambo dogo. Kuna nyumba zilizovunjwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Mama akaja kunishika mkono. Tulipita katikati ya watu wote mpaka kwenye kile kibuyu. Akajimiminia kikombe kilichojaa, akanywa mpaka chini bila kupumzika, akafuta mdomo.

"Kunywa nawe," akaniambia.

Nikanywa. Ulikuwa mchungu kweli, uchungu wa kukausha koo, lakini nilitazama uso wake nikamaliza. Hakuna aliyejiunga nasi. Tulisimama pale wawili, kikombe kitupu mikononi mwangu, hata yule mzee wa Embu aliposema, "Kibuyu ni kipya hiki. Hakikusafishwa vizuri, kimetia ladha yake. Leteni kingine."

Kingine kikaletwa, nacho kilikuwa kitamu. Kananu akaolewa. Lakini kule nyumbani hakuna aliyewahi kutaja kibuyu kipya. Walichokumbuka ni kwamba nyanya alionya, na ikawa.

Leo mimi ni mwalimu huku Manyatta, naishi peke yangu. Mama alifariki mwaka jana, wakati wa mvua. Fundi wa msalaba alipouliza jina la kuandika, mjomba alijibu bila kufikiri, "Andika Mama Mara. Ndivyo tulivyomjua."

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nimeliona maisha yangu yote. Naomi wa Biblia aliomba aitwe Mara, lakini ukisoma kitabu kile mpaka mwisho, hakuna aliyemtii. Mwandishi anaendelea kumwita Naomi, na ni Naomi anayempakata yule mtoto wa Ruthu kifuani. Mama yangu hakuwa na bahati hiyo. Alinipa mimi lile jina, na tangu siku ile likawa lake pia: sokoni, kanisani, kisimani, katika kila salamu. Nami nilidhani niko peke yangu ndani yake.

"Andika Naomi," nikamwambia fundi.

Mjomba alinitazama. Fundi akachovya brashi. Tangu siku hiyo hakuna tena anayeitwa Mama Mara. Aliyebaki na jina lile ni mimi tu.