Dawa ya Kupe na Kibuyu cha Mama Mkubwa

Niliseme hili ningali na meno ya kusemea, maana kijijini wapo bado wanaodai mama mkubwa aliniroga. Hakuniroga. Aliyetaka kuniua ni mimi mwenyewe, kwa dawa ya kupe, mchana kweupe.

Zamani tulikuwa na josho la kijiji, mifugo inaogeshwa humo. Ilipokuja ruksa ya kila mtu kuuza atakacho, maduka yakajaa kila kitu na josho likakauka. Dawa tukawa tunaifuata madukani Majengo, imepimwa kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi ya maelezo. Hata ingekuwa nayo ningeisomaje? Niliishia darasa la pili, na hilo la pili nililisoma nikichunga. Nikachanganya kwa kukisia, maji yakawa meupe kama maziwa. Nikawapaka mbuzi kwa tambara, mikono mitupu, na jasho la uso nikalifuta kwa tambara lilelile. Kulikuwa na beberu mmoja aliyewahi kula kofia ya diwani, huyo alinisumbua sana, lakini tumwache.

Nilipotoka zizini, mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba yangu, akanipa uji wa uwele kwenye kibuyu. Sikuumaliza. Mate yakanichuruzika, macho yakaingia kiza, nyama za mapaja zikachezacheza kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Nilijinyea pia, kwa nini nifiche? Wakanipakia kwenye lori la mahindi mpaka hospitali mjini.

Muuguzi alinichoma sindano juu ya sindano. Nilipoweza kusema nikamlilia, "Sista, basi! Mdomo umekauka kama mchanga."

Akacheka. "Ndivyo tunavyotaka, baba. Ukiona mate tena, niite."

Nikamuuliza kama nimerogwa. Akaketi kitandani pangu.

"Mshipa wa fahamu haushikani na mwenzake," akasema. "Kati yao pana nafasi ndogo. Mshipa wenye habari unadondosha tone, linavuka, wa pili unapokea. Halafu yupo mfagiaji, analiondoa lile tone, kunatulia. Dawa ya kupe imemfunga mfagiaji mikono."

Nikaelewa kwa njia yangu. Kwetu mjumbe wa msiba akifika hupewa maji, huambiwa "tumesikia", naye hunyamaza. Ndani yangu hapakuwa na wa kumwambia mjumbe tumesikia. Akabaki anapiga yowe, na nyama zinaitikia kila yowe.

"Na sindano?"

"Inamziba masikio anayepokea, mpaka mwili utengeneze wafagiaji wapya."

Niliporudi nyumbani nikakuta watu wamejaa uani, na furushi la mama mkubwa liko mlangoni. Kaka yake baba ndiye aliyeamuru afukuzwe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umepona kwa kuwa tumemgundua."

Nikaeleza habari za mfagiaji. Wakaangua kicheko. "Ndani ya nyama! Anafagia na ufagio wa nini, wa chelewa?"

Sikubishana. Nilikwenda zizini nikaileta chupa, ilikuwa imebaki nusu.

"Kama kosa ni la kibuyu, hii haina kosa. Nawa, baba mkubwa. Nawa mpaka viwiko, na mimi ninywe uji wa mama mbele yenu."

Mama mkubwa alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na kibuyu cha uji, akanikabidhi. Nikanywa, nikanywa, nikakipindua wakaona kitupu. Kisha nikafungua chupa. Ile harufu ikawafikia.

Baba mkubwa aliiingiza mikono yake ndani ya shuka.

"Mtoto huyu hana adabu."

"Sina. Nawa."

Angeinyoosha kweli mikono, dawa ningeimwaga chini, sikuwa na nia ya kumuua mzee. Lakini hakuinyoosha. Alisema hospitali imeniharibu kichwa, akaondoka, na watu wakamfuata mmoja mmoja.

Furushi nililifungua mwenyewe. Mafundo yalikuwa yamekazwa mno, nikatumia meno. Mama mkubwa alikuwa ameyafunga kwa mkono wake, kama mtu aliyejua kwamba hakuna atakayemtetea.